Maji ya njano kwenye chumba cha pili: kisa cha kuku wa kipaimara

Alhamisi moja ya katikati ya Julai, kabla sijawasha hata pikipiki, nilipigiwa simu na mama mfugaji wa Pasua, hapa Moshi. Nikamwamkia, akaitikia haraka haraka. "Marahaba mwanangu. Njoo na dawa kali zaidi, hii ya kwanza haishiki. Na Jumamosi nina kuku 80 wa kipaimara."

Kisa chote kimo kwenye maneno hayo. Kuku wanaumwa, wako kwenye dawa, na keshokutwa wanatakiwa wachinjwe. Nakiandika kwa ruhusa yake na bila jina lake, kwa sababu mambo ya namna hii nakutana nayo mwaka mzima katika kazi yangu ya kutibu kuku kwenye mabanda ya mjini, na mara nyingi huwa nafika wakati matenga yameshafungwa kwenye bodaboda. Safari hii nilifika mapema. Mapema kwa kuku 80, si kwa wote.

Nilichokikuta bandani

Aliingiza vifaranga 300 wa kuku wa nyama katikati ya Juni. Siku niliyofika walikuwa na siku 33, umri ambao mfugaji wa kuku wa kisasa ameshaanza kuhesabu wateja. Ana vyumba viwili vilivyopakana ukuta: kikubwa cha kuku wa jumla, na kidogo alimowatenga 90 waliojaza kifua vizuri. Hao wa chumba kidogo ndio waliokuwa wa sherehe.

Julai ya Moshi inajulikana. Mlima unajifunika siku nzima, asubuhi manyunyu, na mfugaji kwa huruma yake anashusha turubai mpaka chini ili kuku wasipigwe na baridi. Nilipoingia nilisimama kwanza, sikusikia harufu ya kutisha. Kisha nikachuchumaa, pua yangu ikawa usawa wa kuku, na macho yakaanza kutoa machozi palepale. Amonia. Maranda yalikuwa yameloa chini ya vyombo vya maji, kinyesi kinachacha, na turubai limeizuia hewa isitoke. Mtu mzima akisimama haisikii sana; kuku anaishi ndani yake saa 24. Amonia inachubua koo na njia ya hewa, ule utando unaosukuma uchafu nje unaharibika, vimelea vya mafua vinapita bila kizuizi, na nyuma yao wanafuata bakteria wa E. koli ambao siku zote wamo kwenye vumbi la banda. Kuku wa chumba kikubwa walikuwa wanakoroma, shingo zimenyooshwa, midomo wazi. Kumi na moja walishakufa tangu Jumamosi.

Jumatatu mama alikwenda duka la dawa za mifugo, akaeleza kwamba kuku wanakoroma, akapewa unga wa oksitetrasaiklini, antibayotiki ambayo kila mfugaji anaiita OTC. Hakuulizwa umri wa kuku wala siku ya kuuza. Akaanza kuwanywesha siku hiyohiyo. Kwa hiyo Alhamisi ilikuwa siku ya nne, imebaki Ijumaa kukamilisha siku 5.

Ukutani palikuwa na karatasi yenye mwandiko wangu. Niliiandika mwezi Mei, mzunguko uliopita: gramu ngapi, lita ngapi za maji, siku ngapi za kunywesha. Mama alikuwa ameifuata neno kwa neno. Niliisoma mara mbili nikitafuta mstari wa siku za kusubiri kabla ya kuuza. Haukuwepo. Mwezi Mei kuku walikuwa wa wiki mbili, kuuza kulikuwa mbali, nikaona hakuna haja. Siwezi kukichambua kisa hiki bila kuanzia hapo: mfugaji alifanya kila alichoandikiwa, na aliyeandika ni mimi.

"Hawa wa chumba kidogo nao wamekunywa dawa?" nikauliza.

"Hapana. Hawa ni wazima, sijawagusa."

Vyombo vya maji vya chumba kidogo ni vya plastiki nyeupe. Nilinyanyua kimoja, nikamwaga maji, nikapitisha kidole kwenye ukingo wa chini. Kulikuwa na pete ya njano, ileile niliyoiona chumba cha kwanza. Unga wa OTC ni wa njano, na maji yake yakilala yanaacha alama kwenye plastiki. Mama aliangalia kidole changu, kisha akamwita mjukuu wake wa darasa la sita, ambaye ndiye anayewajazia kuku maji kabla ya kwenda shule. "Maji ya huku unachota wapi?" Mtoto akaonyesha pipa la bluu pale uani. Pipa ni hilo moja. Alikuwa anachota humohumo kwa vyumba vyote viwili, na hakuna aliyewahi kumwambia asifanye hivyo.

Mama hakuwa amenidanganya. Angewauza kuku wale Jumamosi kwa moyo mweupe, na mnunuzi angemuuliza angeapa kwamba hawajapewa dawa. Naomba msomaji akae na picha hiyo kidogo, kwa sababu tunapozungumza juu ya mabaki ya dawa kwenye nyama huwa tunamtafuta mfugaji mwenye roho mbaya. Yupo, simkatai. Lakini mimi namkuta mara chache. Ninachokikuta ni pipa moja na mtoto anayewahi kengele ya shule.

Nikauliza swali ambalo sikutaka jibu lake. "Kuna waliokwishaondoka?"

Akanyamaza kidogo. Jumatano asubuhi mchuuzi wa soko la Mbuyuni alichukua 60 kutoka chumba kikubwa, wale walioonekana bado wana nguvu. Alilipa taslimu. Walikuwa wameshakunywa dawa siku mbili kamili.

Kilichomo kwenye nyama ile

Kuku akinywa OTC, dawa haiendi kwenye mapafu peke yake. Inasambaa na damu mwili mzima: kwenye minofu, kwenye ngozi, na kwa wingi zaidi kwenye ini na figo. Inapenda pia kushikamana na kalsiamu, kwa hiyo nyingine inajikita mifupani. Ukiacha kumpa, kiasi kinashuka siku hadi siku. Zile siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo hazikukisiwa. Kuku hunyweshwa dawa kwa kipimo sahihi, kisha huchinjwa wachache wachache kwa siku tofauti, na nyama, ini, figo na ngozi hupimwa mpaka ipatikane siku ambayo kila kiungo kiko chini ya kikomo. Pakiti ya mama iliandika siku 7 kwa nyama. Zinahesabiwa tangu mara ya mwisho kuku kunywa dawa, si tangu siku ya kwanza. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaanza dawa Jumatatu, Jumatatu inayofuata wanauza, kumbe dawa iliisha Ijumaa na ni siku tatu tu zimepita. Tena siku hizo zinamhusu kuku aliyepewa kipimo sahihi. Ukizidisha kijiko, siku 7 hazitoshi tena.

Kikomo chenyewe kimewekwa na Codex, tume ya viwango vya chakula iliyoundwa na FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya: mikrogramu 200 za dawa hii kwa kilo ya nyama, 600 kwa kilo ya ini, 1,200 kwa kilo ya figo, na 400 kwa kilo ya mayai. Hayo mayai nusura niyasahau siku ile. Mama ana kuku sita wa mayai wanaozunguka uani, nao wanakunywa popote wanapokuta maji, pamoja na yale yanayomwagwa vyombo vikioshwa. Kiini cha yai hujijenga ndani ya kuku kwa siku kama 10 kabla yai halijatagwa, kikichukua kilichomo kwenye damu. Dawa aliyokunywa kuku leo inaweza kutoka kwenye yai la wiki ijayo. Mayai yale ndiyo anayokaangiwa mjukuu asubuhi.

Sasa, je, mtoto wa kipaimara angekula paja la kuku yule Jumapili angeumwa? Kwa OTC, karibu kwa hakika asingehisi kitu. Kikomo kimewekwa kwa kumfikiria mtu anayekula kila siku maisha yake yote, na sahani moja ya pilau haimfikishi huko. Nalisema wazi kwa sababu nimewaona wenzangu wanawatisha wafugaji kwa saratani na figo. Mfugaji anamla kuku wake, haoni kitu, na tangu siku hiyo hamsikilizi mtaalamu yeyote. Zipo dawa ambazo hofu ya papo hapo ni ya kweli. Penisilini, kwa mtu mwenye mzio nayo, hata kiasi kidogo ndani ya chakula kinaweza kumletea vipele na uvimbe. Kloramfenikoli imepigwa marufuku kwa mifugo wa chakula katika nchi nyingi kwa sababu inaweza kuharibu uboho unaotengeneza damu, na hakuna kiasi kinachohesabika kuwa salama. OTC si ya kundi hilo.

Ubaya wake uko kwingine, na ni mkubwa kuliko wa sahani moja. Kamati ya wataalamu wa FAO na WHO ilipoweka kiasi ambacho mtu anaweza kumeza kwa siku cha dawa za jamii hii, mikrogramu 30 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, haikusimamia kwenye sumu. Ilisimamia kwenye bakteria wa tumbo la binadamu: ni kiasi gani kinaanza kuwapa nafasi wale wasiosikia dawa wawazidi wanaosikia. Ndani ya utumbo wa kuku wa Pasua mambo hayohayo yalikuwa yanatokea kwa kipimo kikubwa zaidi. E. koli na salmonela wanaokufa kwa OTC walikuwa wanakufa, wasiokufa wanabaki na chumba kizima ni chao. Na jeni za usugu, yaani za kutosikia dawa, huwa zinasafiri kwa kundi. Bakteria aliyebeba usugu wa OTC mara nyingi amebeba pia usugu wa dawa nyingine mbili tatu kwenye kipande hichohicho cha vinasaba, na anaweza kumpa jirani yake asiye ndugu.

Kuku anapochinjwa, utumbo unapasuka, maji ya kunyonyolea ni ya sufuria moja kwa kuku 20, na bakteria wale wanahamia kwenye ngozi. Kutoka ngozi kwenda kwenye ubao, kutoka ubao kwenda kwenye nyanya na vitunguu vya kachumbari. Moto utawaua walio kwenye paja. Kachumbari haipiti motoni. Hapo mtoto anaweza kuharisha, na akiwa mdogo au mwenye utapiamlo salmonela wanaweza kuingia kwenye damu. Daktari ataandika dawa ileile anayoiandika siku zote, na haitafanya kazi. Makadirio yaliyochapishwa 2022 yanasema usugu wa bakteria ndio uliosababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Kuku si chanzo cha vyote, matumizi yetu wenyewe ya vidonge yana sehemu kubwa. Lakini banda ni moja ya milango, na mlango huu naushika mimi mkononi kila siku.

Ndiyo maana lile ombi la "dawa kali zaidi" nililikataa. Dukani wangempa enrofloksasini. Ni dawa nzuri, na ndani ya mwili wa kuku sehemu yake hugeuka kuwa siprofloksasini, ile sipro ambayo watu wa hapa wanaimeza kwa taifodi na kwa mkojo unaowasha. Marekani waliiondoa enrofloksasini kwenye kuku mwaka 2005, baada ya bakteria wa kampilobakta kutoka kwenye kuku kuanza kukataa dawa kwa wagonjwa wa kibinadamu. Sitaki tufike huko kwa sababu ya turubai. Tena dawa iliyokuwapo ilikuwa haijashindwa: ilikuwa inapigana na hewa. Tulikunja turubai juu futi mbili pande zote, tukatoa maranda yaliyoloa, tukaweka makavu. Nilimwambia amalizie OTC Ijumaa kwa chumba kikubwa, asiikate katikati, na kwa chumba kidogo aikomeshe saa ileile kwa sababu hao hawakuwa wagonjwa. Ijumaa alikufa mmoja. Jumamosi hakufa hata mmoja.

Hesabu kwenye karatasi ya mfuko

Hesabu ya kusubiri ilikuwa nyepesi. Chumba kidogo, mwisho wa dawa Alhamisi, kuuza kuanzia Ijumaa ya wiki inayofuata. Chumba kikubwa, mwisho Ijumaa, kuuza Jumamosi inayofuata. Kuku wa kipaimara hawapo.

Mama alichana kipande cha mfuko wa chakula akaandika hesabu yake mwenyewe. Kuku 229 waliobaki, kila mmoja anakula kama gramu 150 kwa siku, ni kilo 34 na ushee. Kwa siku 7 za nyongeza ni karibu mifuko mitano ya kilo 50, na mfuko alikuwa anaununua shilingi 75,000. Ni shilingi 375,000. Faida aliyoitegemea ilikuwa shilingi 1,500 kwa kuku, jumla 343,500. Akapiga mstari chini ya namba mbili hizo, akanisogezea karatasi bila kusema neno.

Nilitaka kumwambia kuku wataongezeka uzito. Ni kweli wataongezeka, ila anayenufaika na uzito ule si yeye. Wauza chipsi wananunua kwa kichwa, si kwa kilo, na hawampendi kuku mkubwa; wanataka wa kukatwa vipande vinne vinavyojaa sahani na kuiva upesi. Kuku wa siku 42 anauzwa bei ya kuku wa siku 35, na wakati mwingine chini yake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na namna tunavyofundishwa kulisema jambo hili. Semina zinamwambia mfugaji "zingatia siku za kusubiri" kama vile ni suala la kujua na kutojua. Mama huyu alishajua, nilikuwa nimemweleza dakika 20 nzima na alielewa kuliko wanafunzi wengi. Kilichokuwa mbele yake ni kwamba gharama yote ya usalama wa mlaji inamwangukia yeye, peke yake, ndani ya wiki moja, na mlaji hatajua kama aliilipa au hakuilipa. Kuku aliyesubiriwa na asiyesubiriwa wana rangi moja na harufu moja. Mhuri wa mkaguzi wa nyama hauwatofautishi: mkaguzi kwa jicho na kisu anaona minyoo, majipu, vivimbe vya kifua kikuu kwa ng'ombe. Mabaki ya dawa yanaonekana maabara tu. Na kuku wengi wa mjini hata hawapiti mbele ya mkaguzi, wanachinjwa uani.

Mjini watu wanaongea sana juu ya homoni. Nimeulizwa swali la homoni mara nyingi kuliko swali lingine lolote. Kuku wa nyama anakua upesi kwa sababu mbegu yake imechaguliwa kwa miongo mingi na kwa sababu ya chakula chake, homoni hana. Kelele hizo zinanisikitisha, maana zinamfanya mnunuzi ashike swali lisilo na kitu na aliache lile lenye jibu: dawa ya mwisho walikunywa lini?

Kutafuta kuku wengine

Mama alimpigia mwenye sherehe mbele yangu. Alikuwa ameshapokea kianzio cha shilingi 200,000. Hakuzunguka. "Baba, kuku wako wamekunywa dawa, hawajafikisha siku. Sitakupa." Nilisikia ukimya mrefu upande wa pili, kisha yule baba akaomba azungumze na mimi. Hakuuliza juu ya usugu wala Codex. Aliuliza, "Daktari, ingekuwa ni mtoto wako ungempa?" Nikamjibu kwamba asingedhurika siku ile, lakini nisingewanunua. Akasema basi, tutafute.

Nyumba ya nne kutoka kwa mama kuna kijana anayefuga kuku 200 wa umri uleule. Tulikwenda kwake. Kuku walikuwa wazuri, wachangamfu, na kijana akasema kwa kujiamini, "Kaka, mimi dawa siwapi kabisa. Vitamini tu." Pakiti ilikuwa dirishani. Mbele ina picha ya kifaranga na neno vitamini kwa herufi kubwa. Nyuma, kwa maandishi ya kuhitaji kuinuliwa juani, orodha inaanza na oksitetrasaiklini, kisha ndipo zinafuata vitamini A, D na nyingine. Mchanganyiko wa namna hii umejaa madukani, na wafugaji wanauweka kwenye maji tangu siku ya kwanza kwa sababu "unawapa nguvu". Kijana alikuwa ameuweka asubuhi ile. Hakuniamini mpaka aliposoma mwenyewe, na hata baada ya kusoma nadhani aliamini nusu. Mwongozo wa WHO wa 2017 unataka mifugo wazima wasipewe antibayotiki kwa kukuza wala kwa kinga ya mazoea. Dukani kwetu antibayotiki hiyo imevalishwa jina la lishe.

Mwishowe yule baba alipanda Kibosho kwa ndugu zake, akashuka na majogoo 25 wa kienyeji na mbuzi wawili. Nilimsihi aulize swali moja kila nyumba: hawa mmewapa rangi mbili? Kwa asiyejua, kwenye vijiji vyetu kuku wa kienyeji akiinamisha kichwa watu wanafungua tetrasaiklini ya binadamu, ile ya rangi mbili, wanamwaga unga kwenye maji. Kienyeji si kinga. Nyumba moja walikiri wamewapa juzi, akawaacha.

Jumamosi jioni nilipita kwa mpishi, kwa vile nilijiona nimeshaingia kwenye sherehe ile. Alipanga kukaanga kuku nusunusu usiku na kumalizia asubuhi. Nikamwomba asifanye hivyo: joto la nusu halifiki ndani, kisha nyama inalala vuguvugu na bakteria wanazaliana. Awakaange mara moja mpaka ndani kabisa, nyuzi 70 au zaidi, kwenye mfupa pasiwe na wekundu, na kachumbari ikatwe kwenye ubao wake mbali na pale. Alinielewa upesi, kwa kuwa wapishi wa sherehe wanaijua aibu ya watu kuharisha. Ila aliniuliza kama kuchemsha sana kusingeondoa na ile dawa, ili kuku wa mama watumike. Hakuondoi. Moto unapunguza sehemu ya OTC, nyingine inabaki au inahamia kwenye mchuzi. Inayoiondoa ni siku za kusubiri, na kuku akiwa hai.

Waliobaki, na wale 60

Yule baba hakudai kianzio chake. Alisema atachukua kuku 25 siku zao zikitimia, kitakachobaki cha kianzio ni shukrani. Mimi nilikwenda na mama kwa wauza chipsi wawili wa mtaani kwake nikawaeleza, mmoja akakubali kusubiri na kuchukua 50 kwa bei ileile licha ya ukubwa. Hayo mawili yalimpunguzia hasara, hayakuifuta. Kianzio kile kiliingia kwenye mifuko ya chakula. Maranda niliyoyatoa nilimwomba asiwauzie wakulima wa mchicha wa bondeni mpaka yaoze vizuri kwenye lundo, kwa kuwa sehemu kubwa ya OTC inatoka na kinyesi ikiwa bado ni dawa. Alikubali, ingawa hiyo nayo ni hela aliyoizoea.

Kuhusu wale 60 wa Jumatano, nilimtafuta mchuuzi wa Mbuyuni kwa simu. Alikuwa mstaarabu. Aliwagawa kwa vibanda vitatu na kwa mama mmoja wa hoteli, siku ileile, hakuna karatasi. Alhamisi usiku walikuwa wameshaliwa. Siwezi kuwafuatilia, wala hakuna mtu mwingine anayeweza, kwa sababu kuku wa Moshi akishatoka getini hana historia.

Nilibandua karatasi yangu ya Mei nikaandika nyingine. Mama yeye aliamua lake: alichukua chaki akaandika kwenye mlango wa kila chumba siku ya dawa ya mwisho na siku ya kuuza, kwa herufi kubwa ambazo mjukuu anaweza kuzisoma akiwa amebeba ndoo. Pipa la pili alilinunua wiki ileile, jeusi, ili lisifanane na la dawa.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa pale mchuuzi aliporudi na tenga lake tupu nyuma ya pikipiki. Akasoma mlango. Akauliza kama hawezi kupata hata kumi tu, wale wazima. Mama akamwambia chumba kidogo ni kesho, kikubwa Jumamosi. Mchuuzi akasema kesho hana safari. Akageuza pikipiki, akaenda mpaka nyumba ya nne, akapiga hodi kwa yule kijana wa vitamini. Hakukaa dakika 15. Alipopita tena mbele yetu tenga lilikuwa limejaa, na mama alikuwa ameinama anakata uzi wa mfuko wa nne wa chakula.